Lawama Zote, Mamlaka Hakuna: Mratibu wa Hafla katika Dola ya Sherehe

Taifa letu huongozwa kwa hafla. Barabara iliyokwisha kupitwa na magari kwa miezi mitatu haihesabiwi kuwa imefunguliwa mpaka utepe ukatwe. Kisima kinachotoa maji hakijatoa maji mpaka kiongozi afungue bomba mbele ya kamera. Sera iliyoandikwa, ikajadiliwa na kupitishwa, haina uhai mpaka izinduliwe ukumbini, chini ya bango, kwa risala na kwaya. Tunayo Mapinduzi tarehe 12 Januari, Muungano tarehe 26 Aprili, Mei Mosi, Sabasaba, Nanenane na Uhuru tarehe 9 Desemba. Na katikati ya hizo tunapachika wiki ya hili na siku ya lile, mbio za Mwenge, makongamano, warsha na mahafali. Sisemi kwamba yote haya ni upuuzi. Watu wasiokutana husahauliana, na taifa lisiloadhimisha lolote hatimaye halikumbuki lolote. Ninachouliza ni jambo ambalo wasomi wa siasa zetu hatulitazami, kwa kuwa limefunikwa na kitambaa cha meza kuu: sherehe hizi hubebwa na mabega ya nani, na kwa gharama ya nani?

Hubebwa na mtu ambaye kadi yake ya biashara yaweza kumwita meneja wa matukio, ambaye katika vikao huitwa mratibu, na ambaye katika simu ya afisa anayempigia saa sita za usiku ameandikwa "yule kijana wa maturubai". Hoja yangu katika makala haya ni moja. Mtu huyu tumempa lawama zote na kumnyima mamlaka yote, na mpangilio huo haukutokea kwa bahati mbaya. Ndiyo njia ambayo taasisi zetu zimeipata ya kuchukua heshima ya sherehe na kumwachia mdogo bili yake. Huikopesha dola bila riba, hufanya kazi kwa saa ambazo sheria haizihesabu, na haruhusiwi kusema "hapana" hata pale ambapo hapana hiyo ingeokoa roho za watu.

Nalizungumza hili kwa sababu wengi wa watu hao ni wanafunzi wetu. Kila mwaka vyuo vikuu vinatoa wahitimu wa utawala, uhusiano wa umma, masoko na sosholojia ambao ajira haziwapokei. Baadhi yao husajili kampuni ndogo, hununua mashine ya kutolea risiti za kodi, hukodi stoo, na kuingia katika kazi hii. Nimewasikiliza kwa miaka kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake, na nimeshangazwa na jinsi masimulizi yao yanavyofanana.

Kazi yenyewe

Aliyeketi kwenye kiti chenye kitambaa cheupe hudhani kazi hii ni kupanga viti. Basi tuifuate shughuli moja ya kawaida: kongamano la watu 800 jijini Dodoma, vifaa vikitoka Dar es Salaam, umbali wa takriban kilomita 450. Simu hupigwa wiki tatu kabla, na idadi ya wageni hubadilika mara nne. Jukwaa, vyuma vya taa, spika, zulia na jenereta hupakiwa kwenye lori usiku ili vifike mapema. Ukumbi una sherehe nyingine mpaka saa sita za usiku, na watu wa usalama wanautaka uwe tayari saa kumi na mbili asubuhi ili waukague. Baada ya hapo hakuna anayeingia wala kutoka bila ruhusa. Kwa hiyo kazi inayostahili siku mbili hufanywa kwa saa sita.

Ndani ya saa hizo sita, mratibu anapaswa kuhakikisha kwamba jukwaa halichezi. Kwamba nyaya hazipiti mahali watu watakapokanyaga. Kwamba umeme ukikatika jenereta itapokea kabla wimbo wa taifa haujafika ubeti wa pili. Kwamba viti vya mbele vimepangwa kwa itifaki, maana katibu mkuu akiketishwa nyuma ya mkurugenzi hilo ni kosa la nidhamu. Kwamba vyoo vina maji, gari la wagonjwa lina njia, mkalimani wa lugha ya alama anaonekana, na mama lishe anajua kwamba chakula ni saa saba, ingawa huenda kikawa saa kumi. Saa kumi na moja alfajiri hupokea ujumbe: wageni wa meza kuu walikuwa 9, sasa ni 14. Nusu saa baadaye, bango limesahau "Dkt." mbele ya jina la mgeni rasmi, na liko mita sita juu.

Mgeni rasmi atachelewa kwa saa tatu. Shughuli ikifana, ripoti itaishukuru "kamati ya maandalizi". Maiki ikikwaruza mara moja, jina la mratibu ndilo litakalojulikana ghafla na kila mtu. Wageni wakiondoka, yeye hubaki akihesabu. Viti 12 vilivyopotea ni vyake. Vitambaa vilivyounguzwa na majiko ya chakula ni vyake. Hayo yote angeyavumilia kama angelipwa.

Mkopo usio na riba

Utaratibu wa fedha za umma uko wazi: taasisi haipaswi kuagiza huduma bila kuwa na bajeti, na agizo linapaswa kutangulia kazi. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua kinachotokea pale mgeni rasmi anapotangazwa ghafla. Afisa humpigia mratibu na kumwambia, "Wewe anza kazi, LPO inafuata." Mratibu huanza, kwa sababu asipoanza mwingine ataanza, na kwa sababu afisa huyo ndiye atakayempigia mwakani. Kazi huisha. Ankara hupelekwa. Kisha linaanza somo la pili la kazi hii, ambalo hakuna chuo kinachofundisha: somo la kudai.

Fedha hazijashuka. Mhasibu yuko likizo. Kiambatisho namba tatu hakina muhuri. Tarehe 30 Juni inapita, mwaka wa fedha unafungwa, na deni linahamia kwenye orodha ya madeni ya miaka iliyopita. Orodha inahitaji uhakiki. Anayehakiki anataka barua ya aliyeagiza kazi, na aliyeagiza amehamishiwa mkoa mwingine. Aliyempokea husema, kwa upole kabisa, kwamba yeye hakuwepo. Hatimaye mtu fulani wa ngazi ya chini humnong'oneza mratibu kwamba faili lake "limekaa chini" na lingeweza kuinuliwa kwa asilimia kumi. Hapo ucheleweshaji unageuka kuwa bidhaa: anayechelewesha ndiye anayeuza haraka.

Tufanye hesabu ya mfano, kwa tarakimu nilizozichagua mwenyewe ili zieleweke. Mratibu anapata kazi ya shilingi milioni 40 kabla ya VAT. Gharama zake ni milioni 36. Faida anayoitarajia ni milioni 4. Hakupewa malipo ya awali. Wenye maturubai, wenye spika na wapishi wamekubali kungoja, lakini mafuta ya jenereta, lori, vibarua na mchapaji wa mabango hawangoji. Anakopa milioni 15. Tuseme amebahatika kumkwepa mkopeshaji wa "kausha damu", akapata taasisi ndogo ya fedha yenye leseni inayotoza asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Benki Kuu. Riba yake ni shilingi 525,000 kila mwezi. Taasisi ikichelewesha malipo kwa miezi minane, riba imefika milioni 4.2. Faida yote imekwisha, na kijana ameanza kuilipa dola kwa heshima ya kuitumikia.

Hesabu haijaisha. Kama amesajiliwa VAT, asilimia 18 ya milioni 40 ni milioni 7.2, nayo hudaiwa ankara inapotolewa, si fedha inapoingia. Marejesho yanatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Anaweza kupunguza kile alichowalipa wazabuni wake waliosajiliwa, lakini mwenye maturubai wa mtaani, mama lishe na kibarua hawamo katika usajili huo. Kwa hiyo mkono mmoja wa dola unamdai kodi ya fedha ambayo mkono mwingine haujampa. Akichelewa kulipa kodi, faini na riba zinamngoja. Taasisi ikichelewa kumlipa, kinachomngoja ni maneno "vuta subira".

Kuna kinaya kimoja ambacho kingetosha kuwa mada ya shahada ya uzamili. Sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sera njema, nami naiunga mkono. Lakini tazama namna mikopo hiyo inavyokabidhiwa: kwa hafla. Kuna maturubai, muziki, mgeni rasmi, na hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango, ambayo vijana huishika mbele ya kamera. Maturubai hayo yakiwa yamechukuliwa kwa ahadi, basi chini ya kivuli chake halmashauri inamkopesha kijana mmoja bila riba, huku ikimkopa kijana mwingine bila riba na bila kumwomba. Wa kwanza anapigwa picha. Wa pili anaambiwa arudi wiki ijayo.

Wala si ugonjwa wa Tanzania peke yake. Jirani zetu Kenya, mwaka 2023, waliunda kamati maalumu ya kuhakiki madeni ya wazabuni wa serikali ya tangu mwaka 2005 hadi 2022. Mtoto aliyezaliwa wakati deni la kwanza linaingia alikwisha kufikisha umri wa kitambulisho cha taifa deni likiwa bado linahakikiwa.

Kamati ya harusi ina nidhamu kuliko wizara

Atakayesema kwamba huu ndio utamaduni wetu, kwamba Waswahili hatulipi kwa wakati, namwalika aitazame kamati ya harusi. Hapo hakuna mkaguzi wa hesabu, hakuna mfumo wa kielektroniki, hakuna afisa masuuli. Yupo mwenyekiti, ambaye huenda ni mjomba. Yupo mweka hazina mwenye daftari. Na zipo ahadi zinazofuatiliwa kwa ujumbe wa simu mpaka anayedaiwa aone aibu. Hata hivyo ukumbi hulipwa kabla ya siku, mpambaji hulipwa kabla ya siku, na mshehereshaji hashiki maiki mpaka aone salio limeingia. Kama michango haikutimia, kamati hupunguza idadi ya kadi au huondoa aina mbili za nyama. Haifanyi sherehe ya watu 500 kwa fedha za watu 200 kisha ikamwachia mwenye ukumbi tofauti yake.

Kwa nini watu walewale, wakiwa wajomba na mashangazi, hulipa kabla, na wakiwa maofisa hawalipi hata baada ya mwaka? Jibu langu ni kwamba katika harusi anayedaiwa na anayedai wana nguvu zinazokaribiana. Mpambaji anaweza kuondoa maua yake asubuhi ya harusi, na mtaa mzima utajua. Mratibu wa hafla ya serikali hawezi kuondoa maiki mbele ya mgeni rasmi. Akijaribu, jambo la malipo litageuzwa kuwa jambo la usalama. Kwa hiyo mzizi wa tatizo si tabia za watu. Ni mizani ya nguvu, na mizani hurekebishwa kwa sheria, hairekebishwi kwa mahubiri.

Saa zisizohesabiwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Kwamba hata kwa saa za ziada siku isizidi saa 12. Kwamba saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Na kwamba kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi iongezewe asilimia 5. Sheria nzuri, na kwa wiki ya kongamano haina kazi. Katika wiki hiyo saa 45 huisha Jumatano.

Meneja aliyeajiriwa na kampuni akiulizia saa zake, atajibiwa kwamba sheria hiyohiyo imeviondoa vifungu vya saa za kazi kwa wafanyakazi wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Aliyejiajiri hana wa kumuuliza. Lakini chini yao wapo ambao hali yao ni ngumu zaidi, nao ndio wabebaji: vijana wanaookotwa alfajiri kwenye vijiwe, wanaoitwa deiwaka, wanaopanda vyuma vya taa wakiwa wamevaa kandambili. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, isipokuwa mfanyakazi huyo akimtumikia chini ya siku 6 kwa mwezi. Na hafla, kwa asili yake, ni ya siku mbili au tatu. Kijana anaweza kufanya kazi siku 25 za mwezi kwa waajiri 10 tofauti, na asistahili kipande cha karatasi kutoka kwa yeyote kati yao. Akianguka kutoka juu ya jukwaa, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo, lakini jina lake halipo. Kinachofuata ni kofia kuzungushwa kwa mchango.

Hapa nataka kuwa mkweli kwa upande ninaoutetea. Mratibu asiyelipwa naye hawalipi vibarua wake. Nimesikia vijana wakimlaani kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na wana haki. Dhuluma inayoanzia ofisi yenye kiyoyozi haiishii kwa mwenye kampuni ndogo. Humpitia yeye ikashuka mpaka kwa yule ambaye hana wa kumshushia. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba deni la mzabuni ni suala la wafanyabiashara. Fedha ya kibarua imo ndani ya ankara ile inayokaa chini ya faili.

Hapana ambayo haisemwi

Mpaka hapa nimezungumza kuhusu fedha na muda. Lakini kunyimwa mamlaka kuna gharama iliyo kubwa zaidi.

Tarehe 1 Februari 2020, katika viwanja vya Majengo, Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana katika mkutano wa dini, walipokuwa wakikimbilia mafuta ya upako. Tarehe 21 Machi 2021, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wananchi waliofika kumuaga Rais John Magufuli walibanana na kukanyagana. Polisi walitangaza vifo vya watu 45. Tuliomboleza na tukasema ni mapenzi ya Mungu. Kama taifa, hatukujifunza kuuliza swali ambalo fundi yeyote wa kazi hii angeliuliza kwanza: nani alikuwa na mamlaka ya kufunga lango?

Msongamano una hesabu zake. Wataalamu wanakubaliana kwamba watu wakizidi takriban 5 katika mita moja ya mraba, mtu mmoja hawezi tena kuamua aende wapi. Umati hujiendea wenyewe kama maji, na wanaokufa mara nyingi hufa kwa kukosa pumzi wakiwa bado wamesimama. Upana wa lango, idadi ya njia za kutokea, mwelekeo wa foleni, vizuizi vinavyogawa umati: hivi ndivyo vinavyoamua nani arudi nyumbani. Uingereza iliposhuhudia watu 66 wakifa kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox, Glasgow, mwaka 1971, ilitunga sheria mwaka 1975 inayotaka viwanja vikubwa viwe na cheti cha usalama chenye kikomo cha watazamaji. Hata hiyo haikutosha. Hillsborough ilikuja mwaka 1989 na kuua watu 97, na masharti yakakazwa upya. Somo lao liliandikwa kwa damu, nasi hatuna sababu ya kulinunua tena kwa bei hiyohiyo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliwahi kuiambia kamati ya mkutano mkubwa wa hadhara kwamba lango moja halitoshi, na kwamba uwanja ukifika idadi fulani ufungwe. Alijibiwa kwamba mgeni rasmi anataka kuona uwanja umejaa. Siku ile watu walitoka salama, na kamati ikahitimisha kwamba kijana yule ni mwoga. Hafla iliyofuata alipewa mwingine. Hivyo ndivyo tunavyochuja: anayejua hatari na kuisema huondolewa, anayenyamaza hubakishwa, na baada ya miaka kumi tunabaki na waratibu hodari wa kunyamaza.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Kanuni za FIFA na za CAF zinataka mechi ziwe na afisa usalama anayetambulika, mwenye majukumu yaliyoandikwa. Tutatii, kwa kuwa wageni wametuamuru. Nitakuwa na furaha kubwa zaidi siku tutakapompa mratibu wa mkutano wa hadhara wa Mbagala au Nyamagana mamlaka yale yale tunayompa afisa wa mechi kwa kuiogopa CAF.

Majibu kwa watakaonipinga

Wapo watakaosema: suluhisho ni kufuta sherehe. Watanikumbusha kwamba Rais Magufuli alifuta maadhimisho ya Uhuru ya Desemba 2015, akaamuru siku hiyo iwe ya usafi wakati wa kipindupindu na fedha zielekezwe kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco. Na kwamba Desemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye aliyafuta, fedha zikaenda kujenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Sina ugomvi na barabara wala na mabweni. Lakini hafla zilizofutwa ni chache mno mbele ya zilizobaki, na amri ya kufuta, kama ilivyo amri ya kuandaa, hutoka juu bila kumuuliza aliye chini amekwisha kununua nini. Mkataba wenye kifungu cha fidia ya kuahirisha ungemlinda. "Anza kazi, LPO inafuata" haimlindi. Kubana matumizi ni wema pale mwenye kubana anapobana chake.

Wengine watasema: huyo ni mfanyabiashara, biashara ina hatari zake, na kama hawezi aache. Hatari ya biashara ni mvua kunyesha, bei ya dizeli kupanda, mshindani kuwa bora. Mdaiwa mwenye fedha, mwenye sheria na mwenye polisi kuamua kutolipa si hatari ya biashara. Hiyo ni kodi isiyopitishwa na Bunge.

Wa tatu watasema kwamba haiwezekani. Mifumo ya serikali ni mizito. Nchi za Umoja wa Ulaya zina mifumo mizito pia, na tangu Agizo lao la mwaka 2011 mamlaka za umma kwa kawaida hutakiwa kulipa ndani ya siku 30, na zikichelewa riba huanza kuhesabika. Wao nao huchelewa mara kwa mara, lakini anayecheleweshwa ana kifungu cha kusimamia. Nasi tunao Mfumo wa Ulipaji Serikalini, tunao mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, na tunayo sera ya kutenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana. Kumpa kijana zabuni kisha usimlipe ni kumtengea asilimia 30 ya madeni.

Tunachopaswa kudai

Madai yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kwanza, hafla yoyote ya taasisi ya umma isifanyike bila agizo la maandishi na malipo ya awali yanayotosha gharama zisizongoja: mafuta, usafiri na ujira wa vibarua. Taasisi isiyo na fedha hiyo ifanye mkutano wake ofisini, kwa maji ya kunywa na viti vilivyopo. Pili, malipo yaliyobaki yawe na ukomo wa siku 30, na baada ya hapo riba ihesabike na itajwe katika hesabu za taasisi, ili Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali aione na Bunge liiulize. Tatu, VAT ya huduma iliyotolewa kwa taasisi ya umma idaiwe siku taasisi inapolipa, si kabla. Nne, kila mkusanyiko mkubwa uwe na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, mwenye mamlaka ya kisheria ya kuzuia watu kuingia, kuchelewesha ratiba na kuvunja shughuli, na amri yake isitenguliwe na kamati, na itifaki, wala na mgeni rasmi.

Kwa wanafunzi mnaojiandaa kuingia katika kazi hii: ni kazi yenye elimu ndani yake, msikubali iitwe kazi ya kupanga viti. Jengeni chama, na chama hicho kianze na ahadi moja kwamba hakuna mwanachama atakayeanza kazi kwa agizo la simu. Peke yako utaachwa, lakini mkiwa mia hawana pa kwenda. Na kibarua wenu alipwe jioni ileile, kabla hajapanda daladala.

Kwa wanaharakati: mnafanya semina nyingi kuhusu haki za wafanyakazi. Kabla ya semina ijayo, muulizeni aliyefunga spika amelipwa lini.

Kwa watumishi wa umma, ambao najua wengi wenu hamkuutunga utaratibu huu na huumia mnapozipokea simu za wanaodai: kuna saini zenu kwenye njia ya ankara hiyo. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Ndani ya makabati na mifumo yenu yapo majina ya watu waliowawashia taa na kuwatandikia zulia. Yatoeni juu, yalipwe kabla tarehe hiyo haijapita, na fedha zikiwa hazitoshi, anzeni na walio wadogo.

Naomba kuwasilisha.